Meno ya boksi letu yanacheza: tumlaumu fundi wa leza?

"Shikamoo mtaalamu. Sisi ni wanafunzi watano wa mwaka wa pili, stashahada ya elektroniki, hapa Dar es Salaam. Mradi wetu ni kifaa cha kupima kina cha maji kwenye simtanki na kuwasha pampu maji yakipungua. Ndani kuna Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta), sensa ya mawimbi ya sauti na rilei, yaani swichi inayowashwa na bodi. Boksi tulilichora kwenye kompyuta kwa vipimo kamili, meno ya kuunganishia kuta ya milimita 10 na nafasi za milimita 10, tukampelekea fundi wa leza Kariakoo akakata ubao wa MDF wa milimita 3. Vipande vikaja meno yanacheza, boksi halisimami bila gundi, na tundu la USB halikutani na soketi. Tukarudia kwa akriliki, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo. Ilipendeza, lakini tulipokaza skrubu ikapasuka kwenye kona. Mwalimu anasema mashine ya fundi ni mbovu, tutafute nyingine. Mwenzetu amepata kwa watengeneza mabango karatasi nyeupe ya plastiki, nyepesi na ya bei nafuu, anataka tukate hiyo. Zimebaki wiki tatu tuonyeshe mradi, na hela tuliyonayo inatosha kukata mara mbili tu. Tufanyeje?"

Marahaba, wadogo zangu. Kabla ya yote, hiyo plastiki nyeupe isiingie kwenye mashine ya mtu. Sababu nitaieleza, ila kama mwenzenu yuko njiani kwenda nayo Kariakoo, mpigieni simu ageuze.

Barua yenu nimeisoma mara mbili. Ninyi mnaona tatizo moja, mashine mbovu. Mimi naona manne, na kwa mlivyoeleza hakuna hata moja linaloonyesha ubovu wa mashine. La nne hamkuliuliza kabisa, nalo ndilo lililonifanya nikae kuwajibu kwa urefu.

Tuanze na meno. Siku moja nendeni Keko mkamtazame seremala anapopasua mbao. Akitaka kipande cha sentimita 50 hapitishi msumeno juu ya mstari wenyewe. Anaupitisha pembeni, upande wa kipande cha kutupa, kwa sababu anajua msumeno unakula. Unga unaoanguka miguuni mwake ulikuwa ubao. Leza nayo inakula hivyo hivyo, tofauti ni kwamba unga wake unaondoka kwa moshi kupitia bomba la feni, basi mtu anadhani hakuna kilichopotea.

Mashine nyingi za kukatia mbao na akriliki zinatumia leza ya gesi ya kaboni dioksidi, aina iliyobuniwa mwaka 1964 na Kumar Patel katika maabara za Bell, Marekani. Mwale wake una urefu wa mawimbi wa mikromita 10.6, macho hayauoni, na lenzi iliyo kwenye kichwa cha mashine inaukusanya kwenye nukta nyembamba sana. Pale nukta inapopita, MDF inageuka moshi na masizi, na akriliki inageuka mvuke. Njia inayobaki ina upana, kwa kawaida kati ya milimita 0.1 na 0.3, kutegemea lenzi, mwendo, nguvu na hicho kinachokatwa. Kwenye kompyuta yenu mstari hauna unene wowote. Kwenye ubao unao.

Sasa pigeni hesabu ya boksi lenu. Tuseme njia ya leza ilikuwa milimita 0.2. Nusu yake, yaani 0.1, imeliwa kila upande wa jino, kwa hiyo jino la 10 limetoka 9.8. Nafasi ya kuliingiza jino hilo nayo imetanuka kila upande, kutoka 10 ikawa 10.2. Jino limekonda, nafasi imenenepa, na katikati kuna uwazi wa milimita 0.4. Hiyo ni kama karatasi nne za kuandikia zilizopangwa pamoja. Ndiyo maana meno yanacheza. Mashine ilifuata mchoro wenu kwa uaminifu kuliko mlivyotaka, na mkihamia kwa fundi mwingine mwenye mashine mpya kabisa, atawakatia boksi lilelile linalocheza.

Dawa yake ni kuujua upana wa njia ya leza ile, kwenye ubao ule, kisha kuuingiza kwenye mchoro. Msichukue namba yangu ya 0.2 wala ya mtu mwingine yeyote. Pimeni wenyewe. Choreni mstatili wenye urefu wa milimita 100, ugawanyeni kwa mistari ya kusimama iwe vipande kumi vya milimita 10, vikishirikiana mistari. Fundi akate kwenye kipande cha mabaki cha ubao uleule mtakaotumia. Vipande kumi vitolewe, virudishwe ndani ya tundu lao, visukumwe vyote upande mmoja. Upande wa pili litabaki pengo. Lipimeni kwa kalipa, kile kipimio cha taya mbili, mgawanye kwa 11, maana leza imepita mara 11. Pengo likiwa 2.2, njia ni 0.2. Kazi yote ni ya dakika chache, na ndiyo fedha mtakayoitumia vizuri kuliko zote.

Mkishapata namba hiyo, mstari wa nje wa kila kipande usogezwe nje kwa nusu yake, na mistari ya matundu ya ndani isogezwe kuelekea katikati ya tundu kwa nusu hiyohiyo. Programu nyingi za kuchora zinafanya hivyo kwa amri moja. Zile za kutengeneza michoro ya maboksi zina sehemu maalumu ya kuandika namba hii, lakini someni maelezo yake: nyingine zinataka upana wote, nyingine nusu. Na muulizeni fundi kama mashine yake nayo inafidia. Mkifidia ninyi na yeye akafidia, meno hayataingia hata kwa nyundo. Nimeshaona vijana wakilia kwa hilo kuliko la kucheza, maana jino linalocheza unaweza kulitilia gundi.

Halafu kuna unene. Ubao unaouzwa kama wa milimita 3 mara nyingi si wa 3. MDF inaweza kuwa 2.8, inaweza kuwa 3.1, na akriliki ndiyo zaidi, kona moja ya karatasi inatofautiana na nyingine. Tena MDF ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na hewa ya Dar es Salaam mnaijua. Ubao uliolala dukani karibu na mlango wakati wa masika unavimba. Pimeni sehemu nne au tano za ubao wenyewe, siku yenyewe, ndipo muandike urefu wa meno. Hapo kuna jaribio jingine la kuongeza kwenye mabaki yaleyale: kitana chenye nafasi za 2.7, 2.8, 2.9, 3.0 na 3.1. Chomekeni kipande cha ubao. Nafasi inayokubali kwa kusukuma kwa dole gumba, bila kulegea na bila nyundo, ndiyo yenu.

Tundu la USB ni kisa kingine, na hapa nakisia kwa sababu sijauona mchoro. Jaribuni kwanza kitu kidogo: kwenye boksi la MDF pimeni upande ambao mchoro unasema una milimita 100. Ukitoka 93.75, mmekutana na ugonjwa wa Inkscape, programu ya kuchora. Programu hiyo hadi toleo la 0.91 ilihesabu nukta 90 kwa inchi, na toleo la 0.92 likahamia 96, kwa hiyo faili la zamani likifunguliwa vibaya kwenye mpya linasinyaa. Faili za michoro za aina ya DXF nazo mara nyingi husafiri na namba bila vipimo, na upande mmoja unaweza kuzisoma kama inchi. Tangu nilipojua hayo, kila mchoro wangu una mstari wa milimita 100 pembeni, na fundi anaupima kwenye skrini yake kabla ya kuwasha chochote.

Kama kipimo kiko sawa, basi tatizo ni la kimo. Bodi hailali kwenye sakafu ya boksi. Chini kuna ubao wa 3, juu yake miguu ya kushikilia bodi, tuseme ya 10, kisha bodi yenyewe ina unene wa 1.6. Soketi inaanzia juu ya hapo, yaani milimita 14.6 kutoka chini ya boksi, na kama ubao wenu kumbe ni 2.8 hesabu inashuka. Kwenye Uno soketi ya USB pia inatokeza nje ya ukingo wa bodi kwa milimita zaidi ya 6, wakati soketi ya umeme pembeni yake inatokeza kidogo tu. Asiyejua hilo anaisukuma bodi ukutani na inagoma. Boksi langu la kwanza la leza nililikosea hapohapo kwa namna nyingine: tundu nililipima kwa soketi, likatoshea soketi vizuri sana, nikaja kuchomeka waya nikakuta kichwa cha plagi kina plastiki nene kuliko chuma chake. Haikuingia. Pimeni plagi, na ipimwe ile mtakayoitumia siku ya maonyesho.

Yote haya mnaweza kuyakamata bila kumlipa mtu. Chapisheni mchoro kwenye karatasi za A4 kwa ukubwa halisi, bila ile amri ya kupunguza ili itoshee ukurasa. Bandikeni juu ya kadibodi ya boksi la dukani, kateni kwa wembe, kunjeni, tieni bodi ndani, chomekeni waya zote. Litakuwa baya. Litawaonyesha pia kwamba hamkuacha nafasi ya vidole kukaza skrubu ya rilei, au kwamba waya wa sensa unapinda vibaya. Jioni moja ya kadibodi ina faida kuliko kukata leza mara tatu.

Akriliki sasa. Ni nzuri, inang'aa, na leza inaipenda kuliko kitu kingine chochote, ndiyo maana wenye tuzo na vibao vya majina hawaiachi. Lakini ni ndugu wa kioo. Haipindi ikakuonya, inapasuka. Moto wa leza unaacha mkazo kwenye kingo zilizokatwa, haswa kwenye akriliki iliyotengenezwa kwa kusukumwa kwenye roli. Ile iliyomiminwa kwenye kalibu inavumilia zaidi. Kwenye kona ya ndani yenye pembe kali mkazo wote unakusanyika sehemu moja, na ufa unaanzia hapo. Ongezeni skrubu yenye kichwa cha koni, ambayo kadiri unavyoikaza inafanya kazi ya kabari, na matokeo ndiyo mliyoyaona. Na kama mlifuta masizi kwa spiriti, huenda mlimalizia wenyewe: pombe kwenye ukingo uliokatwa kwa leza inazaa nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, wakati mwingine baada ya masaa. Akriliki ifutwe kwa maji na sabuni kidogo. Supaglu nayo inaiachia ukungu mweupe.

Kwa hiyo nisingewashauri kutengeneza boksi zima la akriliki. Kuta na sakafu ziwe MDF, mfuniko uwe akriliki ili waonyeshwaji waone kazi yenu ndani. Kuta mzifunge kwa bolti za M3, yaani za kipenyo cha milimita 3, na nati inayokaa kwenye mkato wa umbo la msalaba. Nati ya M3 ina upana wa 5.5 na unene wa 2.4, na mkato wake ufidiwe kama meno. Mkato huo una pembe kali nyingi, MDF haijali, akriliki ingejali. Mfuniko uwe na matundu ya duara tu, ya 3.3 hivi, mbali na ukingo, skrubu ya kichwa bapa yenye washa, ikazwe kwa vidole kisha robo mzunguko, basi. Mtu ataniuliza kwa nini wasichapishe boksi kwa printa ya 3D. Wakiipata, sawa, ila boksi la ukubwa huu linakaa saa nyingi kwenye printa na mkikosea tundu mnaanza upya. Leza mkikosea ukuta mmoja mnakata ukuta mmoja.

Turudi kwa ile karatasi nyeupe. Mbao nyepesi nyeupe za mabango mara nyingi ni PVC, ndugu wa mabomba ya maji taka. Ndani yake kuna klorini. Leza ikiichoma inatoka gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi, na unyevu uko kwenye pua na mapafu ya fundi, na uko kwenye hewa ya Kariakoo. Ikishamwumiza mtu inageukia reli na bearingi za mashine, zinashika kutu. Fundi makini atawafukuza, na ana haki. Mkiwa na plastiki msiyoijua, kuna jaribio la zamani la wakemia: waya wa shaba ushikwe kwa koleo, upashwe kwenye moto hadi usitoe rangi, uguswe kwenye plastiki ukiwa wa moto, urudishwe motoni. Moto ukigeuka kijani, kuna klorini au ndugu zake. Mfanye nje, upepo ukiwa mgongoni, pamoja na mwalimu. ABS, plastiki nyingine ngumu, nayo muiache, inayeyuka vibaya na moshi wake una sumu. Na kama kuna mmoja wenu alishavuta moshi wa namna hiyo na sasa kifua kinabana au anakohoa, aende hospitali leo, asingoje kesho.

Nimefika kwenye lile msilouliza. Mmesema rilei inawasha pampu. Pampu ya nyumbani inatumia umeme wa TANESCO, volti 230. Kwa hiyo mnapanga kuingiza waya hizo kwenye boksi la MDF lenye meno yanayocheza, mlikalishe karibu na tanki la maji. Hapana.

Ukingo mweusi ambao leza inauacha kwenye MDF ni mkaa, na mkaa ni kaboni, unaweza kupitisha umeme. Ukilowana ni njia ya umeme iliyopakwa kuzunguka boksi zima. Akriliki haiko hivyo, lakini inawaka moto, na boksi lolote la meno lina mianya ambayo maji na kidole cha mtoto vinapita. Kuna rilei yenyewe pia. Zile ndogo za buluu zimeandikwa ampea 10, mtu anaona pampu yake inavuta 4 au 5 anatulia. Ila mota inapoanza inavuta mara kadhaa zaidi ya hapo, na inapozimwa inarusha cheche. Siku moja vidole vya rilei vinaganda kwa moto, programu yenu inasema zima, na pampu inaendelea kumwaga maji usiku kucha.

Kwa maonyesho, wekeni ndoo mbili mezani na pampu ndogo ya volti 12 inayolishwa na adapta. Mtaalamu atakayesimama mezani kwenu ataelewa kanuni ileile, na hakuna atakayeguswa na 230. Mkitaka kukifunga kwa mtu nyumbani baadaye, boksi lenu litoe ishara tu ya volti ndogo. Kazi ya kuwasha pampu ifanywe na kontakta, swichi kubwa ya kuwashia mota, iliyo ndani ya kisanduku cha plastiki cha IP65, kisichoingiza vumbi wala maji ya kurushwa, kutoka duka la vifaa vya umeme, ikiwa na saketi breka yake, na afunge fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Hapo barua haitoshi, wala video haitoshi. Mtu aje aone tanki, pampu na nyaya kwa macho yake.

Kwa sensa nina neno fupi. Ile ya macho mawili ya duara, kila moja kipenyo cha milimita 16, haikuumbwa kwa ajili ya mvuke wa ndani ya tanki, itakula kutu. Kwa ndoo za mezani inafaa. Kwa simtanki tafuteni ile isiyoingia maji, yenye jicho moja na waya mrefu, na muikalishe juu kidogo, kwa sababu kitu kilicho karibu yake kwa sentimita 20 hivi haikioni.

Hela ya kukata mara mbili inatosha kabisa. Wiki hii ni ya kadibodi. Wiki ijayo nendeni kwa fundi yuleyule asubuhi, wawili tu, na kompyuta yenu na kalipa. Mwambieni mnataka akate kwanza jaribio kwenye mabaki, mpime hapohapo mezani kwake, mrekebishe mchoro, ndipo akate MDF. Mwombeni akate matundu ya ndani kabla ya mstari wa nje, kwani kipande kikishaachia kinaweza kusogea. Mara ya pili iwe ya mfuniko, na ya ukuta wowote mtakaokuwa mmeukosea, maana mmoja mtaukosea.

Lile jaribio la vipande kumi msilitupe. Visukumeni vipande upande mmoja, mumpelekee mwalimu wenu na pengo lake kama lilivyo, mumwombe alipime mwenyewe.